Simu ya Mama Mwiko

Wateja walimwita Mama Mwiko, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Wengine walisema ni kwa ajili ya ule mwiko wa mti aliotembea nao kati ya meza kama askari na rungu lake. Wengine walibisha: jina limetokana na miko aliyowawekea watu. Usiingie na viatu vya tope. Usikae mezani kabla ya kunawa. Usipulize supu ikamrukia jirani. Na Mungu akunusuru ukikutwa unachokonoa pua, kwa maana hapo utasemwa mpaka ujute kuwa na pua.

Mgahawa wake ulikuwa chumba kimoja kirefu kilichoungana na nyumba yao. Mbele kulikuwa na barabara, na ng'ambo ya barabara gereji kubwa ambayo mafundi wake ndio waliokuwa wateja wakuu. Nyuma kulikuwa na jiko, na mlango wa jiko ulifungukia uani, kwenye kamba za nguo na bomba la maji. Sakafu ilipigwa deki asubuhi, mchana na jioni. Sufuria ziling'aa hata mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake. Mbao za kukatia zilisuguliwa kwa maji ya moto kila baada ya kazi. Kwa usafi, mama yule hakuwa na mpinzani mtaa mzima, naye alilijua hilo.

Ila alikuwa na kipenzi kimoja, nacho ni simu yake. Alilala nayo, akaamka nayo, akapika nayo. Akiwa anasonga au anakoroga, simu ilibanwa kati ya sikio na bega. Asipozungumza, ilikaa kifuani, ndani ya nguo. Muuza kuku alipiga, muuza mkaa alipiga, dada yake wa mbali alipiga kumweleza ugomvi wa majirani zake, naye alipokea wote, popote alipo. Mumewe alikuwa akisema kwamba ukitaka kujua mama yuko wapi ndani ya nyumba, sikiliza sauti inayosema "ehee, halafu ikawaje?" Wakati mwingine sauti hiyo ilitoka chooni.

Mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, alifanya kazi katika maabara ya zahanati iliyokuwa mtaa wa pili. Kazini walimwita Darubini, kwa kuwa hata akipewa chai huinua kikombe kwenye mwanga na kukikagua kwanza. Mumewe akalipenda jina hilo, akalileta nyumbani, na mwishowe hata baba mkwe akawa kama halijui jingine. Darubini alimpenda mama mkwe wake kwa dhati. Wote wawili walichukia uchafu, na hilo lilikuwa limewaunganisha tangu siku ya kwanza. Siku za mapumziko alifunga aproni, akasimama karibu naye jikoni na kukata nyanya, vitunguu na matango ya saladi, huku wakisengenya kwa pamoja wateja wasionawa.

Mambo yaliharibika kwa tumbo la Spana.

Spana ndiye aliyekuwa mkuu wa mafundi wa gereji, jitu la miraba minne lililoweza kuinua injini na huku linapiga mluzi. Alikula kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akawa anaperuzi simu iliyopakaa grisi. Hakuwahi kukosa chakula cha mchana. Siku hiyo akakosa. Wenzake wakasema amelala, tumbo linamsokota, hata maji hayakai. Kesho yake mafundi wengine wawili hawakutokea kazini. Kisha likamfika mwenye nyumba mwenyewe, baba mkwe. Mzee huyo alikuwa dereva wa treni mpaka alipostaafu, na maisha yake yote hakuwahi kuchelewa. Sasa alikuwa akikimbilia kituo kimoja tu, nacho kilikuwa nyuma ya nyumba.

"Treni ya haraka hii," alisema akipita mbio uani, kitambaa cha jasho mkononi. "Haisimami njiani!"

Yeye alicheka, lakini mtaani watu hawakucheka. Maneno yakaanza, kidogokidogo, kama moshi unaopenya chini ya mlango. Chakula cha pale kina nini? Zile benchi ambazo saa za mchana zilikuwa zikijaa hadi watu kukalia ndoo, sasa zilibaki na watu wachache waliokula wali mtupu na kuikwepa saladi kwa macho.

Mchana mmoja, vyombo vilipokwisha kuoshwa, Mama Mwiko alimwita mkamwana wake jikoni.

"Mwanangu, keti."

Darubini akaketi. Mama mkwe akianza na "mwanangu, keti," ujue kuna jambo.

"Hivi, hiyo kazi yako ya maabara, hasa hasa unashika nini?"

"Damu, mama. Mkojo. Makohozi. Choo."

Mama Mwiko akafumba macho kama aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. "Kisha unakuja kunikatia vitunguu."

"Navaa glavu, mama. Koti nalivua kulekule. Na ninanawa kabla ya kutoka, na nikifika hapa nanawa tena."

"Sikulaumu, mwanangu. Sina ninalolisema. Nafikiria tu. Mimi jiko langu unalijua. Sasa ugonjwa umeingia kwa mlango gani?" Alishusha pumzi. "Kwa siku hizi pumzika. Jiko niachie mwenyewe. Na huo mkoba wako usiuweke tena kwenye meza yangu."

Darubini alifungua kinywa kujibu, lakini simu ililia kifuani mwa mama mkwe. Mama akaitoa, akaibana begani, akageukia ubao ambapo kuku alikuwa akimsubiri. "Ehee? Halafu ikawaje?" Mazungumzo yakawa yameishia hapo.

Darubini aliingia chumbani kwake akalia kidogo, kisha akakasirika kidogo, kisha akalia tena kwa sababu alikuwa amekasirika. Mumewe aliporudi kutoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu alimkuta amekaa kitandani, mkoba umewekwa sakafuni kama mshtakiwa.

"Mama anadhani mimi ndiye ninayewaua wateja wake."

Mumewe akavua viatu polepole, ili apate muda wa kufikiri. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ulikuwa kimbilio lake. "Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi," alisema. "Na mimi ndiye nyasi. Ukisema nihame, nitahama. Mama akisema nikae, nitakaa. Mwisho nitalala mlangoni."

"Nisaidie, usinichekeshe."

"Basi nikuulize. Una hakika si wewe?"

Swali lile lilimchoma, lakini lilimkaa moyoni. Usiku kucha halikumtoka. Alikuwa amejifunza kazini kwamba hakika bila kipimo ni maneno matupu. Je, yeye alikuwa amejipima?

Asubuhi alimweleza mkuu wake wa maabara, mtu wa maneno machache aliyezungumza kana kwamba kila neno anakwenda kulichukua stoo. Spana alikuwa amefika zahanati na kupimwa, na mwenyewe alikwisha kumtangazia kila mtu mtaani kwamba amekutwa na bakteria, tena kwa majivuno, kama aliyekutwa na madini. Darubini aliomba ruhusa ya kupima jiko la nyumbani.

Mkuu wa maabara akafikiri. "Chukua. Lakini anza na wewe mwenyewe. Mpimaji akijisahau, kipimo chake ni umbea."

Alirudi nyumbani na boksi la vijiti vya pamba na vichupa vyake. Baba mkwe alikuwa ameketi barazani akinywa maji ya chumvi na sukari, hali yake imeanza kuwa nzuri. Mama mkwe alikuwa akimpepea kwa sahani.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mama, ulisema huenda ugonjwa nimeuleta mimi. Huenda ni kweli. Basi nimekuja tupime, tusibahatishe. Nitaanza na mikono yangu, mkoba wangu na simu yangu. Mama akiniruhusu, nitapima na jiko."

Mama Mwiko akaweka sahani chini. Jiko lake! Alisimama, akashika kiuno, na macho yakamng'aa kwa kujiamini. "Pima! Pima mbao, pima visu, pima bomba. Panda ngazi upime hata dari!"

Basi Darubini akapima. Alipitisha kijiti cha pamba kwenye viganja vyake, kwenye mpini wa mkoba na kwenye kioo cha simu yake. Akaenda kwenye mbao za kukatia, visu, bomba, mpini wa friji, mpaka na ule mwiko. Mama mkwe alimfuata nyuma akimwonyesha pembe alizozisahau. Mumewe akaitoa simu yake bila kuombwa. Baba mkwe naye akatoa ya kwake, ya vitufe, aliyoitumia kumpigia mtu mmoja tu, naye ni mkewe, tena akiwa chumba cha pili.

Simu ya Mama Mwiko ikalia wakati huohuo. Akapokea. Darubini akasogea, akanyoosha kijiti, akakipitisha taratibu nyuma ya simu, pembeni na kwenye kava lililochakaa, huku mama akiendelea kumsikiliza dada yake bila hata kugeuza shingo. Alipofika usawa wa shavu, mama akainua kidole kumwashiria asubiri, akasema "ehee?", kisha akaihamishia simu sikio la pili ili mpimaji apate nafasi.

Maabara walivipaka vijiti vile kwenye visahani vya kuoteshea bakteria, wakavitia katika kabati la joto, na kesho yake Darubini akalifungua kabati kama mwanafunzi anayefunguliwa matokeo.

Mbao za kukatia: kweupe, vidoa viwili vitatu. Visu: safi. Mwiko: safi kabisa, ungeweza kumlishia mtoto mchanga. Mikono yake mwenyewe, safi. Akaanza kutabasamu. Kisha akafika kwenye kisahani cha simu yake, tabasamu likakauka. Vidoa vilikuwa vimetapakaa kote, vya njano na vyeupe, na baadhi yake alivitambua kama mtu anavyowatambua jamaa asiotaka kuonekana nao. Alikumbuka. Ile simu hulala mfukoni mwa koti la maabara. Akipigiwa, huipokea. Mara nyingine glavu bado ziko mkononi, kwa kuwa ni sekunde moja tu. Kisha hunawa mikono vizuri sana, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, na kuishika simu ileile tena.

"Loo," alisema peke yake.

Ya mume ilikuwa chafu ya kawaida, na ya mzee ndiyo iliyokuwa na nafuu. Halafu akainua kisahani cha mwisho. Kilikuwa kimeota kama shamba lililopata mvua kwa wakati wake.

Mkuu wa maabara alikuja akasimama nyuma yake. Walihitaji vipimo zaidi ili kuwajua wadudu wale kwa majina, na walipokwisha kuvifanya, alitazama karatasi, akatazama kisahani, akamtazama Darubini.

"Hii ya nani?"

"Ya mama mkwe."

"Pole," alisema. Akaenda stoo kuchukua neno jingine. "Pole kwako, si kwake. Hawa ni wa tumboni. Wametoka kwenye kuku mbichi, au chooni, au kote kuwili. Na wanafanana sana na wale tuliowakuta kwa yule fundi wa gereji."

"Kwa hiyo ndio wao?"

"Kufanana si kula kiapo. Ila ningekuwa mimi, nisingekula saladi iliyokatwa na mkono uliotoka kuishika simu hii."

Sasa kazi ikawa si ya maabara tena. Utamwambiaje mama mkwe, tena mama mkwe mwenye mwiko, kwamba uchafu anaoutafuta kwa wengine anautunza kifuani? Darubini alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mwisho akamwendea baba mkwe na kumweleza yote kwa sauti ya chini.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akashika tumbo ambalo bado lilikuwa dhaifu. "Nyani haoni kundule."

"Baba!"

"Sijamwita mtu nyani, mwanangu. Nasema kila mtu ana upande wake asiouona. Mimi mama yako namjua. Ukimwambia jambo, masikio yake yanafunga mlango na komeo juu. Lakini akiona kwa macho yake, habishi. Usimwambie. Mpeleke akaone."

Mama Mwiko aliitikia mwaliko kwa furaha, kwa kuwa alikuwa na hakika anakwenda kukabidhiwa ushindi. Alivaa gauni la kutokea, akafunga kilemba kipya. Kwenye mlango wa maabara alinawa, akatazama sabuni, akanawa tena. Ndani alipitisha kidole juu ya meza na kukikagua.

"Hapa ni safi," alikiri, kwa taabu kidogo.

Darubini alimvalisha koti jeupe, akamketisha, akamwonyesha kisahani kisichopakwa kitu ili ajue weupe unavyokuwa. Kisha akamwonyesha mbao, visu na mwiko. Kila kimoja kilipopita, shingo ya mama ilirefuka.

"Hii sasa ni simu yangu mimi," Darubini alisema, akasukuma kisahani chake mbele.

Mama Mwiko akainama, akanusa kwa mbali, akashtuka. "Nilisema! Sikusema? Mwanangu, hii si simu, hii ni jalala! Na hii unaiweka juu ya mto?"

"Naam, mama. Ulikuwa na haki ya kunishuku. Kosa ni langu na nimeliona."

Maneno yale yalimpoza mama mkwe ghafla. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na ubishi haukuja. Akapapasa meza, macho yakaangukia kisahani cha pembeni, kile cha mwisho.

"Na hii? Hii imeiva kabisa. Ya nani hii, ya Spana?"

 Darubini alikigeuza kisahani taratibu ili maandishi ya pembeni yasomeke.

Mama akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. 

"Simu yangu naifuta kila siku," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa kitambaa gani, mama?"

"Kwa aproni."

Wote wawili wakaiona ile aproni akilini, na vidole vyenye majimaji ya kuku vilivyopangusiwa humo kutwa nzima. Mama Mwiko alianza kuhesabu mambo kwa kuyataja. "Namkata kuku. Inalia. Napokea. Naiweka. Nanawa, kwa sabuni, nanawa vizuri kabisa. Inalia tena. Napokea. Namaliza, nashika nyanya." Akavitazama viganja vyake. "Nashika nyanya, mwanangu!"

"Ndiyo, mama."

"Nanawa mikono, kisha naishika tena ileile."

"Hata mimi, mama. Hivyohivyo."

Mama Mwiko akaingiza mkono kifuani, akaitoa simu kwa ncha za vidole viwili, akaishika mbali kama mtu aliyemkamata panya kwa mkia. Aliitazama sana. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Wazee walisema. Mimi nikadhani wanasema chawa."

Darubini alijitahidi kubana midomo, ikashindikana. Kicheko kilimtoka puani. Mama mkwe akamgeukia kwa ukali, akaona uso wake, na yeye mwenyewe akapasuka. Wakacheka mpaka mkuu wa maabara akaja kuchungulia, akatikisa kichwa, akaenda zake bila neno hata moja.

Njiani walirudi wakiwa wameshikana mikono, na simu zao zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kama wafungwa.

Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Asubuhi iliyofuata Darubini aliamshwa na sauti ya kusugua, shwa-shwa-shwa, kutoka uani. Alidhani ni sufuria. Akatoka na mswaki mdomoni, na alichokiona kikamfanya ameze dawa ya meno na kupiga ukelele. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya kamba ya nguo, mikono imejaa mapovu, uso umejaa raha. Kati ya shati la mzee na shuka la kitanda, simu yake ilikuwa ikining'inia kwa vibanio viwili, inadondosha maji tone, tone, tone.

"Nimeiloweka kwanza," mama alisema kwa fahari. "Maji ya moto. Kisha nimeisugua kwa sugulio la sufuria. Sasa wadudu hao watafute pa kwenda."

Mume wa Darubini alitoka nje kwa ule ukelele wa mkewe. Alitazama kamba. Alikuwa fundi simu. Alikuwa ameona simu zilizotumbukia kisimani, zilizokanyagwa na lori, zilizotafunwa na mbwa. Hakuwahi kuona simu iliyoanikwa.

"Mama," aliuliza taratibu, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "na pasi utaipiga?"

Aliiteremsha kwa mikono miwili, akaenda nayo kwenye meza yake, akaifungua. Familia nzima ilimzunguka. Ndani ya simu mlikuwa na maji, mlikuwa na unga, mlikuwa na mbegu za pilipili, punje ya wali, na kipande cha kitu ambacho zamani kilikuwa kitunguu.

"Ndani humu kuna tawi la mgahawa," alisema. "Sema tu wateja wake ni wadogo."

Simu haikuamka. Aliikausha, akaipulizia, akaibembeleza. Ilikuwa imekata roho. Ikabidi laini ihamishiwe kwenye simu nyingine, na mpaka simu hiyo ilipopatikana, Mama Mwiko alipika siku kadhaa bila kuzungumza na mtu aliye mbali. Siku ya kwanza alikuwa kama aliyepoteza mkono. Siku ya pili alimwita Darubini jikoni. Alimwita kwa sauti ya kawaida tu, kana kwamba hajawahi kumwambia apumzike.

"Njoo usikie," alisema, akaonyesha sufuria. "Vitunguu vinaita. Vikianza kuiva sauti inabadilika. Nilikuwa nimesahau kabisa." Kisha, bila kumtazama, akamsogezea aproni safi na kisu. "Matango yako yale pale. Mimi siwezi kuyakata membamba kama wewe."

Huo ndio ulikuwa msamaha wa jikoni. Wa hadharani aliutoa mchana wa siku hiyo. Watu waliokuja hawakuwa wengi, ila Spana alikuwapo, amepungua mwili kidogo, akikagua wali kwa tahadhari. Mama Mwiko alisimama katikati ya meza na kugonga sufuria kwa mwiko wake.

"Jamani. Yale matumbo yenu, huenda yalitoka jikoni kwangu. Mkamwana wangu alisemwa, na mimi ndiye niliyeanza kumsema. Hakuwa yeye peke yake. Mikono yangu ilikuwa safi, simu yangu ndiyo iliyokuwa chafu, na nilikuwa naishika huku nakata saladi. Mnisamehe."

Darubini, aliyekuwa mlangoni na bakuli mkononi, alihisi macho yanamchoma. Alimjua mama huyu. Alijua maneno yale yalivyokuwa mazito kuyainua.

 Kisha Spana akaiweka simu yake mezani, ile ya grisi, iliyokuwa nyeusi kuliko tairi. Kila mtu akaitazama.

"Mama," alisema, "mimi nilikuwa nakula huku nimeishika hii. Hii nayo ni gereji tosha. Lawama tuigawane, na mimi unipe fungu kubwa, kama la nyama."

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoufungua mgahawa upya.

Siku zilizofuata mume wa Darubini alipigilia rafu ndefu ukutani, karibu na beseni la kunawia, na mama akaweka mwiko mpya: simu kwanza, mikono baadaye, chakula mwisho. Unaweka simu rafuni, unanawa, unakula; ukimaliza unaichukua. Waliohofia wezi aliwaambia kuwa mlinzi wa rafu ni yeye. Darubini alisimama hapo adhuhuri moja na kuwafundisha mafundi jinsi ya kuisafisha simu bila kuizamisha: izime, livue kava, lioshe kava peke yake kwa sabuni na ulikaushe, simu yenyewe uifute kwa kitambaa laini kilicholowa spiriti kidogo, kisichodondosha, na usiifikishe chooni kabisa. Yeye mwenyewe aliacha kuitia yake mfukoni mwa koti la kazi, ikawa inalala kabatini mpaka atakapotoka.

Benchi zikajaa tena. Tena zikawa na kelele ambazo hazikuwapo zamani, kwa kuwa watu waliokosa cha kutazama walianza kutazamana. Mafundi wakabishana na makarani. Spana akagundua kuwa yule fundi cherehani aliyekuwa akiketi mbele yake kila siku ana meno mazuri na majibu makali, akawa anachelewa kurudi gereji.

Ijumaa moja Darubini alikuwa mapumzikoni, na wawili hao walikuwa jikoni, kila mmoja na kuku wake ubaoni, mikono imeroa mpaka kwenye vifundo. Simu ya mama ikaanza kulia juu ya kabati. Ililia, ikalia. Mabega ya Mama Mwiko yalicheza kidogo. Darubini alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Atapiga tena," mama alisema, akaendelea kukata.

Ikanyamaza. Ikalia tena. Ikanyamaza. Mara mlango ukasukumwa, na baba mkwe akatokeza kichwa, simu yake ya vitufe mkononi, amekasirika kama abiria aliyeachwa.

"Napiga, napiga, hampokei! Chai yangu iko wapi? Nipeni basi na kipande cha tango."

Akanyoosha mkono kuelekea bakuli la saladi.

"Umenawa?" wakamuuliza wote wawili kwa pamoja.